Vidonge vya Mama Mkwe

Wifi yangu Rukia alizikwa mwezi uliopita, na tangu siku ile nimekuwa mtu wa kukaa tu. Wajukuu wanasema bibi ana huzuni. Huzuni ipo, sikatai, lakini kilichonizidi ni uchovu. Mimi na Rukia tulikuwa na jambo tulilolibeba pamoja miaka mingi, yeye ameshika huku na mimi nimeshika kule, na sasa mwenzangu ameachia. Siku za matanga wanawake walikaa mikekani wakimzungumza marehemu, na kutoka kwa marehemu wakafika kwa mama yake, Bi Mwanakombo, ambaye alikuwa mama mkwe wangu. Wakasema hakujatokea tena Tanga nzima mpishi wa shughuli kama yule. Wakasema akiipua pilau yake Ngamiani, watu wa mtaa wa tatu walikuwa wakianza kunawa mikono. Nikawasikiliza, nikaitikia, nikanywa chai yangu ikiwa imeshapoa. Hakuna hata mmoja aliyeutaja ule mwaka ambao Bi Mwanakombo alilala usingizi mbele ya sufuria za watu. Waliokuwepo wameshatangulia, na waliokuja nyuma hawakuambiwa. Leo hakubaki wa kuaibika ila mimi, na mimi nimezeeka kiasi cha kutojali. Nitasema.

Niliolewa Ngamiani nikitokea Moa, katika miaka ya hamsini, nikiwa binti wa miaka kumi na tisa. Mume wangu Hamadi alikuwa karani katika bohari ya mkonge kule bandarini, mtu mpole, msema kidogo, na alimpenda mama yake kwa namna iliyonifurahisha, maana nilijua anayemwinamia mama yake hawezi kumpandia mke kichwani. Nyumba ilikuwa ya Kiswahili kama zote za mtaa ule: ukumbi katikati, vyumba huku na huku, ua nyuma na jiko la upenu. Chumba chetu kilitazamana na cha Bi Mwanakombo, pazia kwa pazia, hivyo kikohozi chake nilikijua, na yeye bila shaka alivijua vicheko vyetu. Rukia, binti yake mkubwa, alikuwa ameolewa mtaa wa pili na alikuja kila siku baada ya adhuhuri, akiingia moja kwa moja hadi uani bila kupiga hodi. Nyumba nzima ilinukia bizari na moshi wa kuni. Uani zilipinduliwa sufuria za shughuli, kubwa mno, hata kuku walijibanza chini yake mvua ikinyesha.

Siku za mwanzo Bi Mwanakombo alinifundisha kazi. Alikuwa mwanamke mnene, mwepesi wa miguu, na alipokuwa jikoni hata wanaume wenye kupasua kuni walimwogopa. Alinifundisha kupima chumvi kwa kiganja na kuujua wali ulioiva kwa sauti ya sufuria. "Usiharakishe kuonja," aliniambia. "Nusa kwanza. Ulimi wa mpishi hudanganywa na njaa yake." Chakula cha mchana tulikula pamoja, mimi na yeye na Rukia, sinia moja, bada la unga wa muhogo na mchuzi wa papa, au wali na samaki wa kupaka siku Hamadi alipopata samaki mzuri. Alikuwa akinisogezea minofu bila kunitazama. Hiyo ndiyo ilikuwa namna yake ya kunikaribisha, na mimi nilielewa.

Kabla sijaolewa alikuwa ameungua. Sufuria ya mchuzi ilimmwagikia kwenye shughuli ya watu, ikamchukua mguu wa kulia kutoka gotini kwenda chini. Alilazwa hospitali, na kwa maumivu yale hakuna wa kuwalaumu waliomchoma sindano, na baadaye wakampa vidonge vya kumtuliza apate usingizi. Mguu ukapona, ngozi ikabaki imekunjamana. Hospitali wakamwambia basi, mama, dawa imekwisha. Lakini karibu na soko palikuwa na duka dogo la dawa, na mwenye duka alikuwa mtu wa huruma nyingi na maswali machache. Vidonge vyenyewe vilikuwa vya manjano, virefu, vinang'aa kama shanga. Nilikuwa nikimwona akimeza kimoja baada ya sala ya isha kwa maji ya mtungi, na sikuona ajabu, kama nisivyoona ajabu mtu akinywa chai ya tangawizi. Nani angeogopa dawa iliyotoka kwa daktari? Katika nyumba zetu kilichoogopwa ni kijicho, na pepo, na chakula kilichopikwa na mtu usiyeujua moyo wake.

Kilichonishtua mwanzo ni ulimi. Asubuhi tukinywa chai kwa mkate wa kumimina, maneno yalimtoka mazito, kama mtu anayezungumza na tonge mdomoni. Alinisimulia habari, tukaosha vikombe, akanisimulia habari ile ile tena upya, akanitazama anione nikishangaa. Halafu ikafuata mikono. Mtu aliyekuwa akikata vitunguu huku akimgombeza muuza kuni mlangoni, sasa alijikata vidole. Alipita ukumbini akiugusa ukuta. Siku nyingine alichangamka kupita kiasi, akacheka pasipo na la kuchekesha, na kabla kicheko hakijaisha analia kwa sababu kuku amepindua ungo wa mchele. Kidonge cha isha kikapata mwenzake wa alfajiri, kisha wa adhuhuri. Nilimwona akifungua fundo la pindo la leso yake, ananipa mgongo, anarudisha shingo nyuma. Nikajifanya napepeta. Mkaza mwana mgeni haulizi. Kwetu Moa nilifundwa kwamba nyumba ya mume huingiwa kwa macho mawili na nusu ya mdomo.

Halafu ikaja harusi iliyotuvunja. Ilikuwa ya mtoto wa jirani mkubwa, mtu wa mashamba ya minazi, na Bi Mwanakombo alikuwa amekabidhiwa pilau yote. Mimi niliachwa nikikaanga viazi upande wa pili wa ua. Niliponyanyua kichwa nilimwona amekaa kwenye kigoda mbele ya moto, mwiko mapajani, kidevu kifuani. Nikadhani anasali. Nikasogea, nikamwita, "Mama," akafungua macho yasiyonijua. Harufu ya kuungua ilikuwa imeshaanza. Sufuria moja wali ulikuwa mkaa chini na mchele mbichi juu, na ile nyingine alikuwa ametia chumvi mara mbili, labda tatu. Wenyeji wakatuma watu kununua mikate mitaani wageni wakiwa wamekaa. Hakuna aliyempigia kelele. Ingekuwa afadhali wangepiga. Walimpa maji, wakamfunika leso mabegani, wakamwambia nenda ukapumzike, Bi Mwanakombo, umechoka, na walikuwa wakisema naye kama anavyosemeshwa mtoto.

Nilibaki nyuma kusugua sufuria, nyuma ya ua wa makuti, na wanawake waliokuwa upande wa pili hawakujua kwamba nipo. Mmoja alisema, "Mtu mzima halali jikoni hivi hivi. Kalishwa yule." Mwingine akasema, "Tangu aingie yule wa Moa." Sauti ya tatu niliijua. Ilikuwa ya Rukia. Nikaacha kusugua nipate kumsikia akinitetea. Akasema, "Mungu ndiye ajuaye." Kwetu sisi kauli hiyo ni nusu ya hukumu. Nikaendelea kusugua mpaka mchanga ukanichubua vidole.

Siku chache baadaye nilimkuta Bi Mwanakombo jikoni peke yake, fundo limefunguliwa, vidonge kiganjani. Nikasahau nusu ya mdomo niliyofundwa. Nikamwambia, "Mama, niwie radhi. Mguu si umepona? Hivi vya nini tena?" Alinipiga kofi. Halikuwa kofi la nguvu, mkono wenyewe ulikuwa umelegea, lakini hakuwa amewahi kunigusa. "Umekuja nyumbani kwangu kunilinda?" aliniuliza, na ulimi ukamkwama kwenye neno la mwisho. Nikatoka uani, nikaanza kuanika nguo ambazo tayari zilikuwa zimekauka. Jioni nilimwambia Hamadi, sikumwambia la kofi, nilimwambia la vidonge tu. Alifikiri kwa muda mrefu, mtu wa kufikiri yule, kisha akasema, "Dawa ya daktari itamdhuru vipi mtu? Tena jambo hilo usiliseme mbele ya Rukia." Nikajua kwamba hata yeye ameshasikia yanayosemwa.

Rukia alipanga safari ya Ushongo. Kulikuwa na mganga kule, jamaa wa mbali wa familia, anayepunga pepo. Tulikwenda sote watatu, tukavuka mto Pangani kwa pantoni, tukamalizia njia kwenye gari lililobeba mbata za nazi, Bi Mwanakombo akiwa amekaa mbele na dereva. Asubuhi ya safari Rukia, kwa mapenzi tu, alikuwa amemvua mama yake leso chakavu akamvisha doti mpya. Leso chakavu ikabaki Tanga, na fundo lake. Mama mkwe wangu aligundua tukiwa njiani. Nilimwona akilipapasa pindo, anageuza upande wa pili, analipapasa tena. Kutoka hapo hakuinua mikono yake mapajani.

Nyumba ya mganga ilikuwa safi, imefagiwa, na mkewe alitupikia vizuri, samaki wabichi wa asubuhi ile na muhogo wa nazi. Bi Mwanakombo hakula. Usiku ule hakulala, na kulipokucha alikuwa ameloa jasho kama aliyemwagiwa maji, vidole vinatetemeka hata hakuweza kushika kikombe. Akasema ukutani kuna wadudu. Tukatazama, ukuta ulikuwa mweupe. Ubani ukafukizwa, ngoma ikaanza, na siku iliyofuata, mchana, akaanguka. Alikakamaa mwili mzima, macho yakageuka, povu likamtoka mdomoni, akawa anajipigapiga chini mpaka tukamshika watatu. Mganga akasema pepo amepanda. Akasema pia, kwa upole, bila kunitazama, kwamba aliyemtupia hayuko mbali, yumo jikoni mwake. Watu wa ngoma wakanitazama. Rukia hakunitazama, na hilo lilikuwa baya zaidi.

Tulirudi Tanga. Tulipofika Bi Mwanakombo aliingia chumbani kwake kabla hata ya kunawa miguu, nikamsikia akipekua tenga la nguo chafu. Ilipofika alasiri alikuwa ametulia. Mikono haikutetemeka, jasho limekauka, akaomba mbaazi na maandazi akala kwa raha. Rukia akashukuru Mungu, akasema dawa ya Ushongo imefanya kazi. Mimi nilikuwa nimesimama kwenye pazia nikiutazama mguu ule uliokunjamana na leso ile chakavu aliyokuwa amejifunga tena, na mambo yakajipanga kichwani mwangu pole pole. Alipovikosa aliugua. Alipovipata akapona. Na akivipata zaidi, atasinzia tena mbele ya moto. Sikuwa nimesoma chochote zaidi ya juzuu zangu za chuoni, lakini hilo lilitosha kuonwa na mtu yeyote mwenye kukaa naye nyumba moja. Shida haikuwa kuliona. Shida ilikuwa nani atamwamini anayetuhumiwa.

Rukia akanitoa jikoni. Alifanya hivyo kwa adabu, aliniambia, "Wifi, pumzika kidogo, mimi nitamhudumia mama," na toka hapo chakula cha Bi Mwanakombo alikipika yeye kwake, akakileta kimefunikwa kawa. Mimi nilikula chumbani kwangu kama mgonjwa wa ndui. Mchana nilisikia sauti zao uani, na sinia likigongana na vijiko, na nilijifunza siku zile kwamba kusikia watu wakila bila wewe ni namna ya njaa ambayo chakula hakiiondoi. Wiki zikapita. Ulimi wa mama mkwe wangu ukazidi kuwa mzito, akaanguka msalani, akavilia damu usoni. Ndipo nikamwambia Hamadi, "Mimi sijagusa hata kijiko chake. Sasa anayemlisha ni nani?" Mume wangu alikuwa akifunga vifungo vya shati aende kazini. Akasimama na kifungo mkononi. Nikaona kwamba neno limemwingia.

Lakini aliyelifungua jambo lile alikuwa mwenyewe. Asubuhi moja aliniita nikamsuke. Nilikaa kitandani, yeye chini kwenye mkeka, kichwa chake magotini kwangu, na nywele zake zilikuwa zimepungua, ngozi ya kichwa inaonekana. Nilichanua kwa muda mrefu. Kisha akasema, akiwa amenipa kisogo, "Mke mwanangu, lile kofi bado lauma?"

"Haliumi, mama."

"Mimi laniuma. Nilidhani navinywa ili nilale. Siku hizi silali nikivinywa, wala silali nisipovinywa. Nikiviacha nusu siku mikono inaanza. Kule Ushongo nilijua si pepo. Nilikuwa namsikia yule mganga na najua anakosea, na sikuweza kufumbua mdomo."

"Kwa nini hukumwambia Rukia?"

"Nimwambie mwanangu wa kumzaa kwamba nimekuwa kama walevi wa tembo? Wewe umeshaniona. Kwako sina la kuficha tena." Kisha akasema neno ambalo hakuwahi kumwambia mtu, maana alikuwa mtu wa kuamrisha maisha yake yote. "Nisaidie."

Kulikuwa na daktari mmoja wa Kihindi, mzee, aliyekuwa na zahanati yake upande wa mjini, na watu walimsifia kwamba anasikiliza. Tulikwenda kwa kisingizio cha mguu. Bi Mwanakombo alivaa buibui lake zuri, akakaa wima kitini kama mtu aliyekuja kuposa. Daktari akautazama mguu, akasema umepona vizuri, kisha akabaki anamtazama macho, anamtazama mikono. Akamuuliza, "Mama, unatumia dawa gani nyumbani?"

"Situmii kitu," akajibu. "Chai ya mchaichai."

Akamuuliza tena, na mama mkwe wangu akakana tena, kwa heshima zake zote. Aibu ilikuwa imemshika ulimi kuliko vidonge. Yule daktari akaanza kukunja kipimo chake, na mimi nikaona tunatoka mlangoni, tunarudi tulikotoka. Nikainama, nikashika pindo la leso yake ndani ya buibui, nikalifungua fundo mbele ya mwanamume wa kando. Vidonge vikadondoka mezani, kimoja kikabingirika hadi kwenye kidau cha wino. Bi Mwanakombo akafumba macho. Sikuwahi kufanya jambo la utovu wa adabu kama lile, na mpaka leo sijafanya jingine ambalo naliridhia hivyo.

Daktari hakukasirika. Nikamsimulia yote, ya jikoni na ya kule Ushongo. Akakichukua kimoja, akakigeuza kwenye mwanga. Akasema, "Mama, huu si wazimu, na si pepo. Aliyekupa mwanzo hakukosea, ulikuwa umeungua. Lakini mwili umeshazoea, sasa unadai. Ukiacha ghafla utaanguka tena kama ulivyoanguka, na huenda usiinuke. Tutapunguza kidogo kidogo. Itachukua miezi, na itachosha." Akauliza nani atashika dawa nyumbani, maana mgonjwa hawezi kujishikia. Nikadhani mama mkwe wangu atamtaja Rukia, au Hamadi. Akanyoosha kidole kwangu bila kufumbua macho. Daktari akasema pia kwamba mwanawe lazima ajue, na kwamba kwa siri hatutafika.

Hamadi alilia alipoambiwa, akiwa amekaa kwenye kizingiti cha mlango wa uani, na mama yake akamwambia acha, sijafa. Siku ile ile alikwenda kwenye duka lile dogo, na sijui walisemeshana nini, ila mwenye duka hakumwuzia tena. Rukia hakulia. Alisema, "Kwa hiyo sasa huyu ndiye mwenye funguo za nyumba." Ilikuwa kweli. Daktari alimlaza mwanzo kwenye chumba nyuma ya zahanati, mkewe akimwangalia, akambadilishia dawa akampa nyingine nyeupe isiyo kali. Alipotulia akamrudisha nyumbani, na chupa nikaivaa mimi kiunoni, ndani ya nguo.

Miezi ile siipendi kuikumbuka, nami ndiyo niikumbukayo zaidi. Kila daktari alipopunguza, siku chache zilizofuata zilikuwa za kutetemeka, jasho, matusi. Bi Mwanakombo alinitukana kwa Kiswahili na kwa Kidigo cha kwetu Moa, alichojifunza makusudi, nadhani, ili nielewe vizuri. Alinibembeleza. Alinitajia mama yangu. Kisha saa ya dawa ikifika nampa kilichoandikwa, anakimeza, anageukia ukutani, na mimi nakwenda kukoroga uji wa pilipili manga, kwa kuwa uji tu ndio ulikaa tumboni. Nilikonda. Hamadi alinipokea kazi jioni, lakini mchana wote ulikuwa wangu.

Siku moja nilikwenda kuchota maji bombani, foleni ikawa ndefu. Niliporudi nilimkuta amelala chali ukumbini, chai imemwagika, anakoroma vibaya, na Rukia amekaa chini kando yake amejishika kichwa. Kumbe vidonge vya zamani vilibaki kwenye kopo la bizari. Rukia ndiye aliyekwenda kuvitoa. "Alinipigia magoti," aliniambia. "Mama yangu mzazi, wifi. Alinipigia magoti."

Nikaweka ndoo chini. Nilikuwa na maneno mengi ya tangu harusi ile, yote yakakaa pale mdomoni, na nikaona sina nguvu ya kuyasema. Nikamwambia, "Wifi, na mimi hunipigia magoti kila siku."

Akanitazama. Tulimgeuza mama ubavu, tukakaa naye mpaka Hamadi alipomleta daktari, na alipoamka hakukumbuka. Rukia alilichukua kopo la bizari akalimwaga lote shimoni, pamoja na bizari yenyewe. Kutoka siku ile alikuja asubuhi badala ya adhuhuri. Tulipokezana. Mmoja akitukanwa, mwingine anakwenda kukaa barazani akapumua. Chakula tukarudi kula sinia moja, na siku ya kwanza alinisogezea minofu, kama mama yake.

Ilikwisha taratibu, bila sherehe. Daktari alisema kesho usimpe, na kesho yake sikumpa. Bi Mwanakombo alikaa uani tangu alfajiri akiwa amejikunyata. Nilimuuliza anajisikiaje. Alisema, "Nasikia kelele za kila kitu. Hata kuku." Usingizi mzuri haukumrudia tena katika maisha yake, lazima niseme hivyo, nisidanganye watu. Mikono ilirudi, si yote. Shughuli kubwa hakupika tena mwaka ule. Alianza na khitma ya jirani, watu wachache, na wanawake wakaja jikoni mmoja mmoja wakijifanya wanatafuta chumvi, kumbe wamekuja kumchungulia. Aliwaacha wajae. Kisha akaweka mwiko chini, akasema kwa sauti yake ya zamani, "Mmesema sana juu ya huyu mtoto wa Moa. Hakunilisha kitu. Nilichokuwa nakula nilikula mwenyewe, kwa mkono wangu." Hawakuthubutu kumwuliza ni kitu gani. Akanipa mwiko mbele yao nionje. Mchuzi ulikuwa umepungukiwa chumvi, nikamwambia, akaongeza.

Tuliishi pamoja miaka mingi baada ya hapo. Wanangu aliwalea yeye. Alipokuwa mzee sana alipata uvimbe tumboni, maumivu yakawa ya kumfanya aume ncha ya mto. Hospitali wakataka kumchoma sindano ya kumtuliza, akakataa. Hamadi alimsihi, Rukia akamsihi, daktari kijana akamweleza mara mbili, naye anatikisa kichwa tu, jasho linamtoka. Nilikuwa nje nikifua. Nilipoingia akanitafuta kwa macho.

"Wewe ndiye mshika dawa," alisema. "Wasemaje?"

"Kubali, mama."

"Na nikiizoea?"

"Utaizoea," nilimwambia. "Nami nitakuwa hapa."

Akanitazama kwa muda, kama anayepima chumvi kiganjani. Kisha akaupandisha mkono wa gauni mwenyewe, akamnyooshea yule kijana mkono wake.